Eda Yangu Niliianzia Malaba

Siku niliyorudisha ufunguo wa lori yadini Changamwe, vijana walinunua keki na soda wakanitaka niseme neno. Nikawaambia waangalie tairi za ndani, zile zisizoonekana mtu akipita kando, maana hizo ndizo huua. Wakapiga makofi. Nilipokuwa nataka kuondoka, Mariamu, yule msichana aliyeandikwa kazi karibuni na ana mtoto bado ananyonya, akanifuata nyuma ya ofisi.

"Bi Mwanaidi," akasema, "kazi hii na nyumba, mtu huviweza vyote?"

Nikamwambia nitamjibu. Kisha nikapanda pikipiki nikaenda zangu Mishomoroni. Jibu lake ni haya ninayoandika, na wengine wenu mkiyasoma hayatawadhuru. Ya vyeo sina. Dereva hana cheo, ana lori tu, na hilo nalo si lake.

Sikuzaliwa na hamu ya malori. Nilikuwa nauza mahamri na mbaazi nje ya lango la yadi hiyohiyo. Mume wangu, Salim, alikuwa fundi katika kiwanda kimoja huko Changamwe. Siku moja mashine ikamla mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Rukia, mtoto wetu wa pekee, alikuwa hajaanza kutambaa. Kiwanda kilimpa Salim pole, kisha kikamfungia lango. Mahamri yakawa ndiyo chakula na kodi na dawa, na hamri ni hamri tu, hata ukiliumua vipi.

Mteja wangu wa kila asubuhi alikuwa Mutiso, Mkamba mtu mzima, dereva wa trela tangu ujana wake. Alikuwa akila amesimama, macho yakiwa kwenye mikono yangu ninavyosukuma unga. Siku moja akaniambia, "Mama Rukia, usukani si mzito kushinda huo unga. Kuja Jumapili."

Nilidhani ananitania. Nikaenda Jumapili kwa sababu nilikuwa sina jingine la kwenda kufanya. Yadi ilikuwa tupu, akanipandisha, akanionyesha klachi. Tuliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi, kwanza na lori dogo la kubeba mchanga, kisha trela. Mutiso hakuwa mwalimu mpole. Kurudisha trela nyuma kulinitoa machozi. Ukitaka mkia uende kulia, kichwa unakipeleka kushoto, na akili ya binadamu haikubali jambo hilo kwa siku moja.

"Ukichanganyikiwa, simama," alikuwa akisema. "Lori iliyosimama haijaua mtu."

Wale wanaoligonga likiwa limesimama hakuwataja. Hao nilikuja kuwaona mwenyewe.

Aliyenisukuma hasa ni Salim. Watu huwa hawaamini nikisema hivyo, huona heri wadhani nilimkimbia. Nilipopata leseni ya gari kubwa, nilimwambia kwamba nitatafuta kazi ya mjini, ya kulala nyumbani. Akasema kazi za mjini zimejaa wanaume wenye mikono miwili. "Nenda safari ndefu," akasema. "Mimi nitalea."

Wifi yangu Zainabu, dada yake Salim anayekaa Likoni, alikuja siku hiyohiyo aliposikia. Akaketi mkekani, buibui hajalivua.

"Kaka, mtoto wa kike huyu. Utamsukaje nywele kwa mkono mmoja?"

"Nina meno," Salim akamjibu.

Na kweli alimsuka kwa meno. Shungi moja analishika mdomoni, mengine mawili anayapitisha kwa vidole. Mwanzo Rukia alikuwa akitoka nywele zimelowa mate, zimesimama kama zimeogopa kitu. Baada ya mwaka, majirani walikuwa wakimletea na wana wao.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya Kampala, Mutiso mbele na lori lake, mimi nyuma. Nyinyi wasichana mnaoingia sasa mna vyoo katika baadhi ya vituo, hata kama vichafu. Sisi hatukuwa navyo. Chukueni ndoo yenye kifuniko, leso pana ya kuziba kioo, na nyundo ya kugongea tairi, ambayo ina kazi nyingine pia mtu akitaka kukufungulia mlango. Msilale mahali ambapo hapana malori mengine. Kabla ya mteremko shikeni gia ndogo mkiwa bado juu. Ukingoja mpaka katikati, gia haitaingia, na breki zitaanza kunuka kama nguo iliyosahaulika juu ya pasi.

Harufu hiyo niliijua Salgaa, katika mwaka wangu wa pili. Lori lililotutangulia lilishindwa mteremkoni, likaanguka ubavu. Tulisimama, Mutiso na mimi, tukatia mawe kwenye magurudumu yetu, tukaenda mbio. Dereva alikuwa amekwisha. Simu yake ilikuwa ikilia ndani ya kile kichwa kilichobondeka, ikikatika, ikilia tena. Mutiso akaingiza mkono akaitoa. Akasema, "Mama, mimi ni mwenzake wa njiani." Kisha akatembea mbali nayo kwenye nyasi, sikusikia mengine. Aliporudi tukaendelea na safari. Mpaka Malaba alinionyesha taa tu pale pa kusimama.

Mutiso huyu aliponiaga kustaafu, aliniambia anaogopa. Nikacheka, mtu aliyekwenda Juba njia ikiwa na bunduki.

"Usicheke," akasema. "Mbwa wangu mwenyewe hunibwekea."

Alienda kwao Ukambani. Hakutimiza hata msimu mmoja wa mahindi, nikamkuta ameketi juu ya tairi kuukuu nje ya lango la yadi yetu. Mkewe hakumfukuza. Alikuwa akimpikia vizuri na kumtolea chai katika vikombe vya wageni, na watoto wakimuuliza amelalaje. "Ni watu wazuri sana," aliniambia. "Ningekuwa najua majina ya rafiki zao, ningekaa." Akapanga chumba Changamwe, akafia hapo. Madereva ndio tuliomrudisha kwao, na gari la kumbeba nililiendesha mimi. Mbwa alibweka.

Nyumbani kwangu, mambo yalikuwa yakienda kwa utaratibu wao. Nikirudi, Rukia hujificha nyuma ya miguu ya babake, kisha hutoka na kusema "Shikamoo mama" kama alivyofundishwa. Siku moja niliomba maji ya kunywa. Alikuwa na miaka kama mitano. Akamgeukia Salim: "Baba, nimpe?" Salim akacheka ili na mimi nicheke. Tulikuwa tukipendana, mimi na Salim. Hilo nalitaja kwa kuwa hakuna anayeniuliza. Tulikuwa tukizungumza kwa simu kila nilipopata mtandao, na safari zangu alizijua kushinda ofisi. Yeye alikuwa anashona viatu vya ngozi nyumbani, ngozi ameibana kwa magoti, kazi aliyojifunza kwa mafundi wa Bombolulu. Karo ya Rukia ilitoka barabarani. Rukia mwenyewe alitoka kwa Salim.

Kisha ikaja korona.

Mnakumbuka wenyewe ilivyokuwa. Mabasi hayakuingia wala kutoka Mombasa, malori ya mizigo tu ndiyo yaliyopita, na sisi madereva tukaonwa kama ndio ugonjwa wenyewe. Vibanda tulikokuwa tukila kwa miaka vilitusukumia sahani kwa mti. Malaba, mpakani mwa Uganda, foleni ya kupimwa ilikuwa ndefu hata mtu hawezi kuona mwanzo wake. Tulilala humo, tukapika humo, tukasogea kidogo, tukangoja tena.

Nilikuwa nakoroga uji kando ya lori, jua ndiyo kwanza linatoka, simu ikalia. Rukia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Baba hakuamka."

Nikamuuliza hakuamka vipi. Swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka. Akaniambia alikwenda kumwamsha kwa swala, akamgusa mguu, akaukuta baridi. Hakuwa analia. Alikuwa akinieleza kama mtu anayetoa habari ofisini. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Zainabu akachukua simu. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wifi, watamzika adhuhuri. Hawawezi kungoja, na wewe mwenyewe unajua huwahi. Innalillahi. Eda yako imeanza hapo ulipo. Rudi nyumbani kwa mumeo."

Kwa wasiojua: mke wa Kiislamu akifiwa na mume, hukaa eda miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya mumewe, hatoki ila kwa dharura. Mimi nilikuwa mpakani, mbele yangu malori na nyuma yangu malori, na trela haligeuki mahali kama pale hata ulilie.

Nikapiga ofisini. Aliyepokea alikuwa kijana mstaarabu. "Pole sana, mama," akasema. "Mzigo ukishafika Kampala, tutakupa ruhusa."

Wafula, dereva mwenzangu wa Bungoma aliyekuwa nyuma yangu katika foleni, alikuwa amesimama pale na kikombe cha uji wangu mkononi. Akakiweka chini. "Mama, leta ufunguo," akasema. "Utingo wangu ana leseni, atashika langu. Lako nitafikisha mimi."

"Ofisi haijakubali."

"Ofisi haijafiwa."

Nikampa. Kisha akaenda upande wa pili wa barabara, ambako malori matupu yalikuwa yakirudi, akasimamisha moja baada ya jingine mpaka akapata Mkisii mmoja anayeshuka Mombasa bila utingo. Hakunijua, nami sikumjua. Akanifungulia mlango.

Sikuwa nimewahi kukaa kiti cha kushoto. Njia nzima mguu wangu wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu kila tulipofika mteremko. Yule bwana alizima redio Malaba na hakuiwasha tena. Nilijifunika leso mbili, nikageukia kioo. Tukisimama, yeye hushuka akaleta chai, ananipa kwa dirishani ili nisionekane na watu. Kwenye vizuizi vya polisi alisema, "Huyu ni utingo wangu," na polisi akinitazama, mwanamke mtu mzima macho mekundu, akatupungia tupite. Jina lake nililiuliza tulipofika Mariakani. Akasema si lazima.

Nilifika Mishomoroni alasiri, Salim akiwa kaburini tangu adhuhuri ya jana yake. Milango ya majirani ilikuwa wazi, na watu wamesimama ndani ya milango yao. Hakuna aliyenikaribia. Mzee wa mtaa, amejifunga kitambaa mdomoni, akanizuia pale uani.

"Bi Mwanaidi, Mola akupe subira. Lakini umetoka Malaba. Kaa chumba cha nje kwanza, mpaka siku zipite."

Nilikuwa nimepimwa na cheti ninacho. Hakukitaka, na sikumlaumu, alikuwa anaogopa. Nikaingia katika chumba cha nje, tulichokuwa tukiwekea makaa na ngozi za Salim. Rukia akaniletea wali. Akauweka chini mlangoni, akarudi nyuma, akasimama. Nikamwona amekuwa mrefu. Nilikuwa mbali naye hatua tatu nne tu, na sikumshika mwanangu aliyefiwa na babake. Akaniuliza, "Chumvi inatosha?" Nikasema inatosha. Akaenda zake. Tuliishi hivyo wiki mbili, na nina hakika kwamba kama ningemshika siku ile ya kwanza, yako mambo yangekuwa mengine. Lakini hakuna mtu aliyenipa nafasi hiyo, na yeye hakuiomba.

Waliponiruhusu kuingia ndani, ndipo eda ikawa eda. Sikuwahi kukaa katika nyumba ile zaidi ya siku chache mfululizo tangu Rukia alipokuwa mchanga. Sasa sina ruhusa ya kutoka. Nikaanza kuiona. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa mtu wa mkono mmoja wa kushoto. Mikebe yote ilikuwa ya vifuniko vya kubonyeza, hapana wa kuzungusha. Ubao wa kukatia ulikuwa na misumari miwili iliyosimama, ya kuchomekea kitunguu kisiteleze. Ndoo zilikuwa ndogondogo. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imefungwa kamba. Nilikuwa nikitafuta kitu nyumbani kwangu kama mtu aliyeingia kuiba.

Na Rukia, mwenye mikono yake miwili mizima, alikuwa akifanya kila kitu kwa mmoja. Anakanda unga kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameulaza kiunoni. Anafunga kamba kwa meno. Siku ya kwanza niliyomwona hivyo nilidhani ameumia.

"Tumia mikono yote, mwanangu," nikamwambia.

"Ndivyo nilivyofunzwa," akasema, wala hakugeuka.

Miezi ile tulizungumza machache, na mengi ya hayo ni ya jikoni. Mara moja tu tulifika penyewe. Nilimuuliza kuhusu ugonjwa wa babake. Mimi nilijua ana sukari, na kwamba mguu una kidonda. Ndivyo alivyoniambia kwa simu, kidonda.

"Mguu ulikuwa umeoza, mama," Rukia akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nauosha. Daktari alitaka kuukata. Baba akasema hawezi kukatwa tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema usiambiwe ukiwa njiani, utapata ajali."

"Nikirudi je?"

"Ulikuwa unarudi ukiwa njiani," akasema, akachukua ndoo akatoka.

Sikumfuata. Nisingeweza, eda ilinikataza kupita mlango. Nilisimama pale kizingitini nikimsikia akiteka maji.

Eda ilipokwisha, lori langu lilikuwa limepewa mtu mwingine. Wafula alikuwa amefikisha mzigo salama, akaonywa kwa kosa la kuendesha gari lisilo lake. Nilimwita Rukia nikamwambia nafikiria kuacha barabara, nirudi kwenye mahamri, tukae wawili.

"Tutakula nini?" akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hesabu, kama babake. "Wewe rudi kazini. Mimi nitakaa Likoni kwa shangazi, shule zikifunguliwa."

Akafunga nguo zake kwenye mfuko mmoja na vifaa vya babake vya kushonea kwenye mwingine. Nikarudi barabarani miaka mingine mitatu, katika kampuni nyingine ya yadi hiyohiyo, mpaka macho yakaanza kunidanganya jua likizama.

Sasa Mariamu, kwangu swali lako ni hili: ningefanya vingine? Nimekaa na swali hilo tangu ulipoliuliza na sijalipatia jibu la kukufurahisha. Mkono wa Salim usingeota. Mahamri yasingemsomesha Rukia mpaka kidato cha nne. Nikiweka upande mmoja chakula alichokula na upande wa pili mtu aliyekuwa hayupo mezani, sioni mizani ya kuvipima vitu hivyo pamoja. Wanaume wa yadini hawaulizwi swali hili, lakini walio wengi nimewaona wakiketi juu ya tairi nje ya lango. Barabara hutoa inachoahidi, na haiahidi zaidi ya hapo. Ukiweza kulala nyumbani, lala nyumbani. Usipoweza, usijidanganye kwamba mtoto anakungoja. Mtoto anakua.

Rukia aliolewa mwaka juzi, na kijana mwema wa hapohapo Likoni. Mwezi uliopita alijifungua mtoto wa kike. Kwetu mimba ya kwanza mwana hurudi kwao kuzalia, mamake amkande na kumlea mpaka arobaini. Mimi nilikuwa nimestaafu, nimepaka nyumba rangi, nimenunua godoro jipya na vyandarua. Yeye alikwenda kuzalia kwa Zainabu. Hakunikataza kuja. Alinitumia ujumbe kwamba amejifungua salama.

Nikavuka feri asubuhi. Zainabu alinipokea vizuri, akaniingiza chumbani. Rukia alikuwa amelala ubavu, mtoto pembeni yake. Akaniamkia. Nikamwitikia, nikamuuliza hali, akasema alhamdulillahi. Zainabu akaleta maji ya moto na kitambaa, akaviweka mbele yangu, akatoka. Nikamkanda mwanangu. Mikono yangu ni migumu, imekaa na usukani miaka mingi, na sikujua pa kubonyeza wala pa kupapasa. Alivumilia. Nilipomaliza, nikamchukua mtoto, nikampakata. Akafungua macho, akanishika kidole.

Rukia alikuwa akitutazama.

"Mama, unaondoka lini?" akaniuliza.

"Siondoki. Nimemaliza kazi, mwanangu. Nipo."

Nje, Zainabu alikuwa akitwanga kitu.

"Basi kaa," akasema. "Lakini mtoto usimzoeze kukuona."